Kabati Lililopakwa Rangi kwa Ndani

Jumanne asubuhi, Msasa alifungua mlango wa kushoto wa kabati akakuta rangi imechubuka mahali ambapo hakupasugua.

Hakushtuka. Alisogeza uso karibu, kama daktari anayechunguza upele. Mchubuko ulikuwa upande wa ndani wa mlango, usawa wa bega, mpana kama kiganja, na ulikuwa mzuri kuliko wowote aliowahi kuutengeneza kwa mkono wake. Katikati ubao ulikuwa tupu, laini, unang'aa kidogo. Kuelekea pembeni rangi ilififia taratibu mpaka ikashikana na ile nzima, usione pa kuanzia wala pa kuishia. Mchubuko wa namna hiyo hautoki kwenye karatasi ya msasa. Unatoka kwenye kiganja cha mtu anayesukuma pale pale, kila siku, kwa miaka.

Na kabati lenyewe alikuwa amelipaka Jumapili.

Jina la Msasa alipewa na mtaa, kwa sababu ya kazi yake. Alinunua makabati na meza za zamani kwenye nyumba zilizokuwa zikivunjwa, akazipaka rangi, kisha akaisugua ile rangi kwenye kingo na pembe ili ubao uchungulie, kitu kionekane kimerithiwa vizazi vitatu. Mume wake, fundi wa minara ya simu aliyekuwa safarini wiki tatu katika kila mwezi, alipenda kuwaambia watu kwamba mkewe ndiye mtu pekee anayepaka rangi asubuhi, anaitoa jioni, na bado anasifiwa.

Lakini kazi ile ilikuwa na elimu yake. Lazima ujue mkono unapita wapi. Droo huchakaa chini ya kishikio. Kiti huchakaa kule vidole vinakokivutia. Ukisugua mahali ambapo mkono haufiki, hata asiyejua chochote atahisi anadanganywa. Kwa hiyo Msasa alikuwa mtu wa kwanza kustahili kujiuliza ni mkono gani unaoweza kusukuma mlango wa kabati kwa ndani. Hakujiuliza. Alijiuliza nani kaingia gereji.

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu: yeye na mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwembamba, mnyoofu, asiyependa kelele. Alihamia kwao miezi mitatu nyuma baada ya kuvunjika nyonga, na alitembea kwa fimbo. Wawili hao waliishi kwa adabu iliyopitiliza. Asante na samahani zilikuwa nyingi mno, nyingi kuliko za watu waliozoeana. Na siku kabati lilipoletwa, bibi yule alikuwa amelizunguka mara moja, akafungua mlango kwa ncha ya fimbo, akauliza kwa sauti ya darasani:

"Nje wameacha vanishi tupu. Ndani wamepaka rangi. Kwa nini?"

"Watu wana mambo yao, Mama," Msasa alijibu, akichukulia kwamba amekosolewa.

Baadaye alipoanza kusugua aliona kwamba ndani hakukuwa na rangi moja. Ukingo wa mlango ulipoliwa na msasa, zilitokea moja baada ya nyingine kama maganda ya kitunguu: buluu, kijani, maziwa, kahawia, kijivu, nyekundu iliyopauka, na chini kabisa nyeusi, nzito, isiyong'aa, iliyoganda kwenye msasa kama lami. Saba. Msasa alifurahi mno. Mteja wake, mwenye studio ya picha, alitaka kabati la kupambia chumba cha maharusi, na alitaka uzee uonekane. Uzee gani zaidi ya huo? Akatoboa mahali pamoja, padogo kama ukucha, mpaka ubao mtupu ukaonekana chini ya ile nyeusi. Kabati likatoa harufu. Haikuwa ya kuoza wala ya mende, ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyeamka sasa hivi kutoka usingizi mrefu.

Aliliacha wazi lipate hewa. Saa hiyo hiyo akasikia anaitwa. "Mwanangu!"

"Abee, Mama!" akaitikia, akatoka. Mama mkwe alikuwa amelala sebuleni, mdomo wazi, anakoroma.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili akapaka koti jipya, yaani tabaka la rangi nyeupe ya chaki, nje na ndani. Jumanne akakuta mchubuko.

"Mama," alisema mezani mchana, akichagua maneno, "uliingia gereji jana?"

"Nikafanye nini gereji?"

"Nimeuliza tu."

"Mtu haulizi tu, binti yangu. Anauliza kwa sababu ana jibu lake mfukoni."

Vijiko vikasema kwa niaba yao.

Jumatano mchubuko ulikuwa na mwenzake, na chini ya mlango kulikuwa na kichuguu kidogo cha unga mweupe wa rangi, upande wa ndani. Msasa alizoa ule unga kwa kiganja. Akiwa amechuchumaa pale, alisikia mama mkwe akizungumza nyuma ya ukuta, kwa upole, kama anayezungumza na mgeni:

"Mwanangu alidhani ameoa mke. Kaoa kibarua. Miaka sita na nyumba bado ina mwangwi."

Msasa hakuwa na mtoto. Lilikuwa jambo ambalo mama mkwe hakuwahi kuligusa hata kwa mbali, na Msasa alikuwa amempenda kwa hilo peke yake. Sasa akasimama na unga mkononi, masikio yanawaka moto. Hakwenda kuuliza. Angeuliza nini? Alichukua brashi akarudia kupaka, akipiga ubao kama anayemchapa mtu.

Tangu hapo kila mmoja akawa anamchungulia mwenzake. Msasa alianza kufunga gereji kwa kufuli na kuuvaa ufunguo shingoni. Mama mkwe alianza kula chumbani. Alhamisi jioni mume akapiga simu, sauti yake imekauka.

"Mke wangu, kuna nini huko? Mama anasema umemwambia arudi kwake akafie kwake."

"Mimi?"

"Anasema umemwambia mara mbili. Mlangoni kwake. Hata hukuingia, ulisimama nje ukaongea."

"Mume wangu, sijawahi kutamka neno hilo. Mama yako ndiye..." Akakatisha. Kumsema mama wa mtu kwa simu, mwanawe akiwa juu ya mnara! "Mama amezeeka," akasema mwishowe. "Labda anasikia vitu."

Aliposema hivyo alijisikia vibaya, lakini pia alijisikia ameelewa. Ndiyo. Akili ya bibi ilikuwa inaondoka. Ndiye anayepata ufunguo wa akiba, ndiye anayekwangua, ndiye anayetukana ukuta. Kila kitu kiliingia mahali pake. Ijumaa, kabla ya kutoka kununua nta, alimwaga unga wa chaki kwenye sakafu yote ya gereji, kuanzia kizingitini mpaka miguu ya kabati, akafunga kwa kufuli. Leo nitamshika, alijiambia, na fimbo yake itaandika.

Aliporudi, sakafu ilikuwa nyeupe na safi kama shuka. Hakuna fimbo, hakuna unyayo. Ila michubuko ya mlangoni sasa ilikuwa imeungana, na ndani ya ule ubao mtupu lilionekana umbo la viganja viwili, kimoja juu ya kingine, na chini yake, usawa wa kiuno, mahali palipolainika kwa mviringo, kama pale mtu anapoegemeza goti ili apate nguvu.

Msasa aliurudisha mlango polepole. Akatoka nje akakaa juani, na jua lenyewe hakulisikia.

Jumamosi ilikuwa siku ya mama mkwe kwenda kliniki kuangaliwa nyonga. Msasa alimshika mkono mpaka kwenye gari la jirani, akafunga mlango wa gari yeye mwenyewe, akalitazama mpaka likakata kona. Hawakuagana. Alirudi gereji akafungua milango yote miwili mikubwa mwanga uingie, akawasha redio, akaanza kupaka nta kwenye droo aliyoichomoa kabatini, mgongo ukiwa ukutani na uso ukielekea kabati.

Ilikuwa saa sita na nusu redio ilipoanza kukwaruza. Aliizima. Mkwaruzo haukuzimika.

Kwaruu. Kwaruu. Taratibu, bila papara, kama fundi mzuri anayejua kwamba rangi haitaki haraka.

Kisha ukanyamaza, na sauti ya mama mkwe ikasema, karibu sana, "Mwanangu, njoo unishike mkono. Nimekwama."

Msasa alijua kwamba mama mkwe hayupo, alijua kama anavyojua jina lake, kwa sababu mikono yake mwenyewe ndiyo iliyofunga ule mlango wa gari, na bado miguu yake ilinyanyuka, kwa kuwa sauti ile ilikuwa ya mzee aliyeumia na yeye hakulelewa kumwacha mzee aliyeumia akiita, akapiga hatua moja na nyingine juu ya unga wa jana, huku ile harufu ya kinywa ikimjia vuguvugu usoni kwa vipindi, inakuja na kurudi, inakuja na kurudi, kama mtu anayepumua, na mlango wa kushoto, ambao aliufunga kwa komeo, ukianza kuvimba katikati kama shavu linalosukumwa na ulimi, na sauti ikiendelea kumbembeleza, nishike mkono mwanangu, fungua kidogo tu, wewe ndiye uliyeanza kunifungulia, mpaka vidole vyake vikafika kwenye komeo.

Lango la nje likalia. Fimbo ikagonga sementi.

"Daktari hakuja leo," alisema mama mkwe, akisimama mlangoni pa gereji, kivuli chake kirefu mbele yake. "Na wewe mbona umesimama hivyo?"

Kabla Msasa hajajibu, sauti ilitoka tena kabatini. Safari hii ilikuwa ya Msasa mwenyewe, pamoja na kile kikohozi chake cha vumbi:

"Hajafa tu huyu kikongwe? Si nilimwambia akafie kwake?"

Wakatazamana. Msasa alikuwa amefumba mdomo, na mama mkwe alikuwa anautazama mdomo ule ule.

"Hukufungua kinywa," bibi alinong'ona.

"La, Mama."

"Basi wiki nzima..."

"Na mimi nilikusikia ukisema nyumba yangu ina mwangwi."

"Mimi?" Macho ya bibi yalijaa. "Mwanangu, mimi hilo hata nikiomba peke yangu silitaji kwa sauti."

Kabati likacheka. Lilicheka kwa sauti zao mbili kwa pamoja. Msasa alimshika mama mkwe kiuno, na wale wanawake wawili, mmoja na nyonga yake mbovu na mwingine akimbeba nusu, walitoka pale kwa kasi ambayo hakuna daktari angeiamini.

Mtu waliyemwendea aliitwa Nesi. Alikuwa muuguzi hospitalini kwa miaka thelathini kabla ya kubaki na kazi yake ya pili, ile ya kutoa watu majini, na kazi zote mbili alizifanya kwa namna moja. Aliwakalisha kwenye benchi, akavaa miwani.

"Ilianza lini? Inazidi saa ngapi? Nani aliitikia kwanza?"

"Kuitikia vipi?" Msasa aliuliza.

"Kimekuita, ukasema abee. Nani?"

"Mimi. Ijumaa ya wiki iliyopita."

"Na mimi Jumatatu," alisema mama mkwe. "Nilisikia huyu binti anabisha hodi kwa sauti yake. Nikasema karibu."

Nesi alivua miwani. "Hiki hakina sauti yake chenyewe. Kinaazima. Na hakina nguvu mpaka kijibiwe. Ukikijibu umekipa pumzi moja. Nyie mmekilisha wiki nzima, kila mmoja akimjibu mwenzake moyoni. Wale waliolipaka lile kabati kwa ndani hawakuwa wajinga, mama. Kila kilipoichosha rangi moja, waliongeza nyingine. Wewe ukaja na msasa."

Msasa aliinamisha kichwa. "Kwa nini tusilichome?"

"Ukichoma nyumba, mwenye nyumba si anatoka?" Nesi aliinuka, akachukua mkoba wake. "Rangi saba umezifungua, rangi saba utazirudisha. Mtapaka nyote wawili kwa kuwa nyote wawili mmejibu. Kuanzia brashi ya kwanza mpaka koti la saba likauke, hakuna neno. Si kwa kile, si kwa mwenzako, si kwa mtu wa barabarani. Nami nitakaa langoni nisiruhusu mtu aingie. Mkinisikia mimi nawaita, si mimi."

Walianza Jumapili kulipopambazuka. Nesi alikwenda mbele, akasoma aliyoyasoma juu ya makopo ya rangi, akarudi langoni na kigoda chake. Milango ya kabati ikafunguliwa, wao wakaingia nusu mwili. Mama mkwe alipaka akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, sehemu za chini. Msasa alipaka za juu. Jua lilikuwa kali na rangi ya maji ilikauka ndani ya saa moja.

Koti la kwanza na la pili hayakuwa na neno. Katika la tatu, rangi mbichi ilibonyea yenyewe mbele ya macho yao, shimo moja, mawili, matano, kama vidole vinavyopapasa shuka kutoka upande wa pili. Mama mkwe alipitisha brashi juu yake, kushoto kulia, kushoto kulia, mtulivu kama anafuta ubao wa darasani. Katika la nne zilianza sauti. Nesi aliita kutoka langoni kwamba basi inatosha, tokeni. Mume aliita akilia kwamba ameanguka mnarani, mke wangu, nimevunjika mgongo, sema hata neno moja nijue upo. Msasa aliuma ulimi mpaka akaonja damu, machozi yakimdondoka ndani ya kopo, akapaka. Katika la sita kilimsomea kwa sauti ya mama mkwe kila jambo baya ambalo mama mkwe angeweza kulifikiria juu yake, na bibi, asiyeruhusiwa kukana, aliweka brashi chini, akamshika Msasa kifundo cha mguu kwa mkono uliojaa rangi, akakishikilia hivyo mpaka sauti ilipoishiwa.

Koti la saba lilibaki kama upana wa sahani, kona ya chini, upande wa bibi. Hapo ndipo ilipokuja sauti ambayo Msasa hakuijua. Ilikuwa ya mtoto wa kike, ndogo, yenye usingizi.

"Mama. Mbona umechelewa?"

Brashi ya mama mkwe ilisimama hewani. Uso wake, ambao siku nzima ulikuwa mkavu kama chaki, ulifunguka wote, na midomo ikaanza kujikusanya kutengeneza neno, na Msasa, bila kujua ni nani anayeita wala kwa nini, aliona tu kwamba neno linakuja na kwamba likitoka hakutakuwa na brashi ya kulifuta, akajitupa magotini nyuma ya bibi, akamziba masikio kwa viganja vyake viwili vilivyolowa rangi, akakibana kile kichwa cha mvi kifuani kwake, huku sauti ikiuliza tena na tena mbona umechelewa, mbona umechelewa, baridi huku mama, mpaka mkono wa mama mkwe, peke yake, kama mkono usio wake, ulishuka na kufunika ile sahani ya mwisho.

Kimya kilichoingia kilikuwa kizito mpaka masikio yaliuma. Walikaa hivyo hivyo sakafuni, mmoja amemkumbatia mwenzake, saa nzima, rangi ikikauka.

Nesi alikuja, akagusa koti kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipiga milango yote miwili misumari ya kuzungusha, akaita watu wake wakalibeba kabati. Hakusema wanalipeleka wapi na hakuna aliyeuliza. Mwenye studio aliambiwa kwamba kabati lilikuwa na mchwa.

Nyumba ikapona. Mama mkwe alirudi kula mezani. Asante na samahani zilipungua, na sasa walitaniana, wakagombana kwa mambo ya kweli, chumvi, redio, dirisha. Walikuwa wamewekeana sharti moja: hakuna anayemwitikia mwenzake bila kumwona uso. Mume aliporudi kutoka safari aliwakuta wakipaka meza pamoja, akacheka akidhani ni muujiza wa simu zake.

Wiki ya tatu, asubuhi, mume akiwa ameshaondoka tena, walikaa jikoni wakinywa chai. Mama mkwe alikuwa amekizungusha kikombe chake kwa muda mrefu bila kunywa.

"Hujawahi kuniuliza yule mtoto ni nani."

"Niliogopa kukuumiza, Mama."

"Nilimzaa kabla ya mumeo. Mumeo mwenyewe hajui. Homa ilimchukua nikiwa nimekwenda kusimamia mitihani shule ya mbali. Niliambiwa, nikakimbia, nikachelewa." Alisema kwa utulivu wa mtu anayesoma kilichoandikwa zamani. "Alikuwa na miezi saba, mwanangu. Hakuwahi kutamka hata neno moja. Basi mimi niliijuaje ile sauti kuwa ni yake?"

Msasa alinyoosha mkono akaushika wa bibi juu ya meza. Ulikuwa baridi.

"Zamani nikimkumbuka nilimwona tu, kwenye kanga yake, amelala. Sasa kila nikifumba macho naye ananiuliza. Asubuhi nikinawa, ananiuliza. Kwa upole tu. Mbona umechelewa." Aliinua macho, na macho yale yalikuwa ya mtu aliyefurahi na aliyeogopa kwa wakati mmoja. "Usinikasirikie."

"Mama," Msasa alinong'ona. "Mama, umefanya nini?"

"Leo nilimjibu."